Dubu Kwenye Mitufaha

Majani yalikuwa yameanza kupukutika kwenye vilima vya Vrancea, na Ilinca alikuwa akioka pai za matufaha na mama mkwe wake, Zamfira, katika kibanda cha jiko cha mbao kilicho uani. Trei ya kwanza ilishaiva. Harufu ya mdalasini ilienea hadi barabarani.

"Unazikunja kama soksi," Zamfira alisema. "Bana kingo, mwanangu! Utamu wote utamwagika."

"Nabana, Mama."

"Eti unabana. Ngoja nikaokote matufaha mengine."

Akatoka na ndoo. Masikio ya bibi huyo yalikuwa yameziba. Ukitaka akusikie, sharti usimame usoni pake.

Ilinca alikuwa akipaka yai alipotupa jicho dirishani. Nyuma ya Zamfira alisimama dubu jike, mwili kama fahali, akila matufaha yaliyoanguka. Zamfira ameinama, amempa mgongo, anajisemesha peke yake.

Brashi ikamponyoka Ilinca. Akipiga kelele, mama hatasikia, dubu ndiye atakayesikia. Akinyamaza, bibi atageuka na kupiga yowe. Alitamani kuufunga mlango na kujikunyata pembeni. Badala yake akajikuta nje, akitembea polepole.

Dubu akainua kichwa, akakoroma. Ilinca hakusimama mpaka alipofika mbele ya Zamfira.

"Mama, usigeuke. Nipe mkono."

"Nini tena? Umeziunguza?" bibi akafoka.

Ilinca alimziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Zamfira akamtazama machoni, na rangi ikamtoka usoni. Aliitua ndoo bila kuuliza zaidi. Ilinca akarudi kinyumenyume huku akimvuta, macho yake juu ya bega la bibi, kwa yule mnyama aliyekuwa akiwafuata, pua juu.

Wakaingia nyumba kubwa na kutia komeo. Dubu akaipita nyumba, akaingia jikoni. Trei zikaanguka kwa kishindo, kisha Ilinca akasikia anavyotafuna. Zamfira, asiyesikia kitu, aliuhisi mtikisiko sakafuni, akaanza kusali.

Mara trekta la jirani yao Costache likaingia uani likinguruma. Dubu akachomoka, akaruka ua, akapotelea msituni. Costache akateremka akicheka.

"Fungueni, akina mama! Mgeni wenu kaondoka. Hajanibakishia hata pai moja?"

Ilinca alikuwa keshashika komeo alipoona dirishani tawi la mtufaha likitikisika. Juu kabisa, amekumbatia shina, alikuwepo mtoto wa dubu, akilia.

"Costache! Panda trekta! Mtoto wake yuko juu ya mti!"

Kicheko kikamkauka. Alikuwa hajafunga mlango wa trekta vizuri wakati dubu alipovunja ua na kurudi mbio. Akalizunguka trekta, akalikwaruza kwa kucha, Costache akiwa amejikunja ndani kama mtoto mchanga. Kisha mtoto akateremka, mama akamnusa, wakaondoka pamoja.

Waliendelea kukaa ndani hadi jua lilipotua nyuma ya kilima. Zamfira alikuwa bado ameung'ang'ania mkono wa mkwewe.

"Ulikuja kunifuata," alisema. "Mimi nisingethubutu."

Ilinca akamfuta unga uliokuwa bado umemganda mdomoni.