Habari za Dale

Wendell Haskett alikuwa sherifu kwenye televisheni kwa miaka tisa, na mpaka leo wazee wa mji wetu wa Burbank wakimwona dukani huinua mikono juu kwa utani, kama majambazi waliokamatwa. Baada ya sherifu zikaja filamu za farasi na bastola, kisha akawa baba wa bibi harusi, kisha babu, kisha tangazo la gundi ya meno ya bandia. Tuzo hakuwahi kupata, hata kutajwa tu kuiwania. Mimi ni Lyle. Muda wote huo kazi yangu ilikuwa kusimama mahali pake wakati mafundi wanapanga taa, maana tunalingana kimo na mabega. Taa zake zimenichoma mimi kuliko yeye.

Uzeeni akaanza kupoteza kumbukumbu. Yalianza maneno, zikafuata siku, kisha akampoteza mwanawe. Dale, mtoto wao wa pekee, aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, barabara ya Topanga. Mkewe Noreen alimwambia asubuhi, mzee akaanguka sakafuni, akalia mpaka sauti ikakauka. Jioni akauliza, "Dale mbona hajapiga simu leo?" Noreen akamwambia tena, mzee akaanguka tena, upya kabisa. Hapo Noreen akaapa kwamba hatamwambia mara ya tatu. Tangu siku ile Dale yuko Oregon anavua samaki, na simu huko hazishiki. Uongo huo tuliulinda kama mboni ya jicho.

Ndipo akaja Trent Vasko, mwongozaji wa filamu mwenye umri wa kuwa mjukuu wetu, mdomo umejaa asali. Alimtaka Wendell awe mkulima mzee anayeletewa na polisi habari za kifo cha mwanawe, mtoto anayeitwa Robbie. Noreen alisita sana. Lakini mzee alikuwa anaamka kila siku na kuuliza kama studio wamepiga simu, na jina la Robbie halikumgusa hata kidogo. Basi Noreen akakubali. Mimi nikapewa kazi ya kumsomea maneno yake kupitia kidude kidogo alichovaa sikioni.

Noreen akamvuta Trent pembeni, nami nikiwepo.

"Mwanangu, nakuomba kitu kimoja tu. Jina la Dale lisitajwe mbele yake. Kwetu ni yaliyopita, kwake kila akisikia ni habari mpya."

"Habari mpya? Kila mara?"

"Kila mara."

"Pole sana, mama," akasema, akamshika bega. Macho yalimng'aa. Nikadhani ni machozi, mjinga mimi.

Siku ya kupiga ile picha ya polisi anayeleta habari, kampuni ilituma gari limpeleke Noreen akachague gauni la uzinduzi wa filamu. Alipoondoka tu, Trent akakichomoa kile kidude sikioni mwa Wendell kwa mkono wake.

"Leo pumzika, Lyle. Hapa mzee haongei sana."

Kamera zikawashwa. Mlango ukagongwa. Akaingia kijana aliyevaa sare ya polisi, akavua kofia. "Mzee, samahani. Ni kuhusu mwanao Dale. Ajali ya pikipiki. Hakupona."

Uso wa Wendell sitauelezea. Mmeshauona, tena wengi wenu mlikata tiketi.

"Zima! Zima hizo kamera, wanaharamu nyie!" nilipiga kelele. Walinzi wakanibeba mzobemzobe hadi nje. Nikabaki nimebandika sikio mlangoni. Wakampa kahawa, wakamwongelesha habari za mbwa wake mpaka akatulia, mpaka akacheka. Kisha nikamsikia Trent: "Safi sana, mzee! Sasa turudie kutokea upande wa dirisha." Mlango ukagongwa. Wakarudia ili wapate mikono yake. Wakarudia tena kwa sababu ndege ilipita juu ikaharibu sauti. Kila mara yule mzee alifiwa.

Nilimweleza Noreen siku hiyohiyo. Akakaa kwenye ngazi za jikoni, bado ameshika mfuko wa gauni.

"Mshitaki yule shetani," nikamwambia.

"Nimshitaki, halafu mawakili wakitaje kifo cha Dale mahakamani kutwa nzima, mbele yake? Nenda nyumbani, Lyle."

Filamu ikatoka, ikasifiwa, na jina la Wendell likatajwa kuwania tuzo. Aliliona gazetini, akalikata kipande, akamwonyesha hadi mleta barua. Kesho yake akakikuta kile kipande mezani, akapiga kelele za furaha upya. Hiyo nayo ilikuwa habari mpya kila asubuhi. Noreen angemzuia kwa moyo gani? Akampigia Trent simu, mimi nikisikia.

"Tutakuja. Ila picha ya polisi isionyeshwe pale ukumbini."

"Naapa kwa mama yangu. Tutaweka ile ya mtoni."

Tukaenda. Wendell alikaa katikati yetu, kachana nywele vizuri, anawapungia watu asiowajua. Wakaanza kuonyesha kipande cha kila anayewania. Ikafika zamu yake, taa zikafifia, na kwenye kioo kikubwa kama nyumba nikaona mlango unagongwa.

Noreen alimziba masikio kwa viganja. Alichelewa. Nilihisi mwili wa Wendell ukilegea ubavuni mwangu, na sauti ya yule polisi ikimalizia maneno yake ukumbi mzima. Taa zikawaka. Bahasha ikafunguliwa, jina likasomwa, watu wote wakasimama kwa shangwe. Trent akaruka viti kuja kwetu, machozi yanamtiririka, akamshika mzee mkono amwinue.

"Simama, mzee wangu! Ni yako! Hatimaye ni yako!"

Wendell alikuwa ameng'ang'ania kiti, anamtazama mkewe.

"Noreen, Dale kafa. Mbona hawa wanapiga makofi?"