Mama Ana Fujo

"Mwalimu, mama yako ana fujo," muuguzi alimwambia hata kikapu hajakiweka chini. "Tangu asubuhi anagonga kitanda. Wodi nzima imechoka."

Mwalimu wa chekechea aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Neno hilo lilikuwa lake. Kila mchana aliwapa wazazi mlangoni: wako leo kafanya fujo. Aliyerusha kiti, fujo. Aliyemlilia mama yake, fujo. Aliyebanwa na haja akapiga meza, fujo vilevile. Neno la raha kweli, maana ukishalitamka huna haja tena ya kuuliza mtoto alikuwa anataka nini.

Mama alikuwa amelala chali. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi na upande mzima wa kulia. Mkono wa kushoto ndio uliobaki, na huo ulikuwa ukigonga chuma cha kitanda bila kupumzika. Alipomwona bintiye akazidisha.

"Mama, basi jamani! Unaniaibisha. Mwone mwenzio alivyotulia."

Alimwonyesha bibi wa kitanda cha jirani, aliyejifunika shuka mpaka mabegani na kuwapa mgongo. Mama akatoa macho, akagonga kwa nguvu zake zote.

"Tumfunge kidogo?" muuguzi aliuliza. "Ukikubali wewe."

"Mfunge tu, nesi. Namjua, atatulia."

Akaushika mwenyewe mkono ule, muuguzi akauzungushia bendeji na kuufunga kwenye chuma. Wodi ikatulia. Mgonjwa mmoja dirishani akasema afadhali, na mwalimu akamwitikia kwa tabasamu la kuomba radhi.

Akaanza kumchana mama nywele. Mama hakumtazama. Macho yake yaling'ang'ania kitanda cha jirani, na machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. Binti akayafuta, akidhani ni hasira.

Baadaye kidogo muuguzi alipita na dawa. Akamgusa bibi wa jirani begani, akamwita, akamgeuza, akamwita tena. Kisha akaacha kumwita.

"Amefariki sasa hivi tu," alisema. "Bado ana joto."

Mwalimu aliirukia ile bendeji. Fundo likakataa, akalifungua kwa meno.

"Gonga, mama," alisema huku akilia. "Nisamehe. Gonga, nipige hata mimi."

Mama aliuvuta mkono wake taratibu, akauficha chini ya shuka.