Sindano za Mkwe

Kwenye hoteli alikofulia mashuka walimwita Bi Wanga, kwa sababu shuka alilolipiga pasi yeye lilisimama kama limetiwa wanga hata siku ambayo halikutiwa. Wenye midomo yao walisema jina hilo lina maana nyingine pia, na mke wa mwanawe, aliyeishi naye nyumba moja, hakuwahi kuwabishia.

Hawakuwa maadui. Walisalimiana, walipakuliana chakula. Ila tangu siku za uchumba Bi Wanga alikuwa ametamka wazi kwamba haoni fahari mwanawe kuoa msichana anayeshinda akipapasa migongo ya watu, na maneno yale hayakuwahi kuombewa radhi. Msichana mwenyewe alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alisomea pia tiba ya sindano, zile nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani, zinazochomwa kwenye misuli kutuliza maumivu.

Asubuhi hiyo mume alikuwa safarini na lori lake. Mkwe alikuwa anafunga mkoba wake wa kazi aliposikia kishindo chumbani kwa mama mkwe. Alimkuta sakafuni, amelalia ubavu, mkono umeng'ang'ania tendegu la kitanda, uso umelowa jasho.

"Usiniguse," Bi Wanga alisema.

"Sikugusi, Mama. Niambie tu yanaanzia wapi."

Yalianzia kiunoni, yakapita kwenye tako la kushoto, nyuma ya paja, mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, kama waya wa umeme uliochubuka. Siku kadhaa nyuma alikuwa akivuta mashuka mabichi kutoka kwenye mashine ndipo kitu kikashtuka mgongoni. Akakaa kimya. Leo ameinama kuvaa kiatu, mguu umemwacha.

Mkwe alielewa papo hapo. Diski ya uti wa mgongo ilikuwa imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Hilo halikumtisha, maana wagonjwa wa namna hiyo aliwaona kila siku. Kilichomtisha ni alichopaswa kuuliza. Diski ikichomoza vibaya hubana mishipa yote inayoshuka chini, na hapo hakuna kusubiri. Ni kukimbilia upasuaji, la sivyo mtu anaweza kubaki na ulemavu maisha yake yote. Dalili zake zinajulikana. Kliniki aliziulizia kama anayemuuliza mtu jina lake. Kwa mama mkwe, ilimbidi aanze na radhi.

"Mama, nisamehe kwa hili. Haja ndogo inatoka kama kawaida?"

Bi Wanga alifumba macho. "Inatoka."

"Na sehemu unayokalia, katikati ya mapaja, kuna ganzi?"

"Wewe binti, una adabu kweli?"

"Kuna ganzi, Mama?"

"Hakuna. Kama umemaliza, niinue."

Hakumwinua. Alimlaza kwa ubavu wa kulia juu ya blanketi, akamwekea mto katikati ya magoti, na pumzi za Bi Wanga zikashuka kidogo. Akanawa mikono, akafungua pakiti ya sindano, akafuta ngozi kwa pamba yenye spiriti. Ya kwanza aliichoma pembeni mwa goti, ya pili karibu na kifundo cha mguu. Bi Wanga alitazama ukuta.

Simu ikaita. Ni mume. Mkwe akamwambia kwa kifupi yaliyompata mama yake, akaiweka sakafuni, sauti juu, wamsikie wote.

"Mama, unaendeleaje?"

"Usihangaike, mwanangu. Simsumbui mtu. Tangu jana mchana sijasumbua mtu hata kunipeleka chooni."

Mkono wa mkwe ulibaki hewani na sindano ya tatu. Akairudisha, akachomoa zile mbili, moja baada ya nyingine.

"Mbona unazitoa?"

"Kuna nini huko?" mume akauliza.

"Nitakupigia," mkwe akasema, akakata. "Mama, umeniambia haja inatoka. Imekataa kutoka, au hukwenda?"

"Choo kiko mbali. Kila hatua ni moto. Nikaacha kunywa maji, nisiende."

"Na sasa hivi unaisikia haja?"

"Sijui. Maumivu yamefunika kila kitu."

Mkwe alimpigia dereva wa teksi waliyemzoea, akamwambia aje upesi, kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali. Kisha akapiga magoti na kipande cha pamba. "Fumba macho. Nikikugusa, sema." Akapitisha pamba ndani ya mapaja, akapanda hadi pale pasipotajwa kati ya mkwe na mama mkwe.

"Hapo," Bi Wanga alisema kwa hasira. "Hapo tena. Hapo. Basi."

Ganzi haikuwepo. Bado haikutosha. Akamwinua, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwapani, wakajikokota hadi chooni huku Bi Wanga akiuma kanga. Alimkalisha, akarudishia mlango, akasimama nje.

Kimya. Nje teksi ilipiga honi. Kimya tena. Mkwe aliegemeza paji la uso kwenye mlango, akajikuta anamwomba Mungu kwa jambo ambalo hakuwahi kuliombea. Kisha ikaanza, matone kwanza, halafu mfululizo, ikaenda kwa muda mrefu.

Mkwe akakaa chini.

"Na hili nalo ulitaka kulisikiliza?" sauti ikatoka ndani.

"Ndiyo, Mama."

"Basi umesikia."

Walikwenda hospitali hivyo hivyo. Daktari alimpima, akampiga picha, akakuta mshipa mmoja tu ndio umebanwa. Hakuona haja ya kisu kwa sasa. Aliandika dawa na tiba ya viungo, akaonya kwamba mguu ukilegea zaidi au haja ikigoma, warudi hata kama ni usiku.

Kuanzia hapo Bi Wanga akawa mgonjwa wa kliniki ya mkwewe. Sindano alizivumilia. Alichochukia ni mazoezi, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, kujifunza upya kuokota kitu kwa kukunja magoti. Aliona ni kufundishwa kutambaa uzeeni. Mara moja alijiiba akabeba beseni la nguo, akarudi kitandani akilia.

"Nani alikutuma?" mkwe aliuliza, na safari hii hakuficha hasira.

"Mikono yangu."

Siku moja akaja na hofu mpya: kidole hakiumi tena, lakini kiuno kimezidi. "Yanapanda," alinong'ona. "Yatafika kichwani."

"Yakipanda hivyo ndiyo yanaondoka, Mama. Mshipa unaachiwa."

Hakuamini mpaka alipoweza kusimama kwenye foleni bila kutafuta ukuta. Hotelini walimwondoa kwenye mashine, wakambakiza kwenye pasi. Kidole gumba kilibaki na ganzi kidogo, na huenda kitabaki hivyo.

Alasiri moja, amelala kifudifudi na sindano zimejipanga kiunoni, alizungumza na shimo la kitanda cha kliniki lililomeza uso wake.

"Lile swali. Hata mama yangu mzazi nisingemjibu."

"Najua."

"Nisingeropoka kwenye simu, ungefanyaje?"

"Ningekuuliza tena. Ningekuuliza mpaka unitukane."

Mgongo wa Bi Wanga ulianza kutikisika.

"Usicheke, Mama," mkwe alisema, akimshika bega. "Zitapinda."