Mke wa Kwanza wa Ezra Haskell

"Tupu," alisema Bwana Haskell. "Andika hivyo. Alifika kwenye nchi tupu."

Vidole vya Thadeus Mogaka, karani wa misheni, vilibaki hewani juu ya taipureta. Ulikuwa ukurasa wa nne, na alikuwa akiupiga kwa mara ya tatu.

Tangu mwaka 1949, kila alipomaliza barua za misheni, Thadeus alipiga chapa historia ya Ezra Haskell, babu wa Bwana, aliyehamia Nebraska kwa gari la ng'ombe karibu miaka mia iliyopita. Dada ya Bwana, aliyebaki Amerika, alizunguka makanisa na makaburi na kutuma kila alichookota. Thadeus alijua Ezra aling'olewa meno mwaka gani. Alijua jina la fahali wake. Fahali! Na Bwana huyu huyu, mzee mmoja alipoanza kutaja baba zake katika darasa la ubatizo, alimkatiza: hiyo ni mizimu, kaa chini. Thadeus alikuwa amejifunza kumdharau bila kukunja hata kipaji cha uso.

Lakini barua ya jana ilikuja na jambo jipya, na Thadeus ndiye aliyezipanga barua zote kwenye faili. Kabla ya kumwoa yule bibi wa Kizungu ambaye Bwana alitundika picha yake ukutani, Ezra aliishi na mwanamke wa wenyeji wa kule, ambao kijiji chao kilikuwa kando ya mto. Walizaa watoto watatu. Alipopata mchumba wa Kizungu, Ezra aliwafukuza wote wanne. Baadaye kijiji kizima kikawa shamba lake.

"Bwana, na yule mama wa kwanza? Na watoto?"

"Mama gani?"

"Wa kwenye barua."

Uso wa Haskell uliiva. "Hao si ukoo. Wewe piga taipu tu, Thadeus. Mambo ya ukoo huwezi kuyaelewa."

Thadeus nusura acheke. Aliingiza karatasi mbili, kaboni katikati, akapiga. Aliandika kijiji. Aliandika mama. Aliandika majina ya watoto watatu, herufi kwa herufi, kama dada mtu alivyoyaleta, kisha akauweka ukurasa wa juu mezani, nakala akaitia kwenye faili.

Haskell alisoma hadi mwisho, akauchana. "Kesho usije."

"Nimesikia, Bwana."

Njiani alijiona mrefu. Alipanga jinsi atakavyomsimulia mkewe Drusilla: Mzungu mzima anaogopa watoto waliokufa zamani! "Hao si ukoo," alisema kwa sauti, akiigiza pua ya Haskell. Akarudia. Mara ya tatu maneno yalitoka kwa sauti ya baba yake.

Machogu, baba yake, alibatizwa mwaka 1931. Aliambiwa abaki na mke mmoja. Akabaki na mama yake Thadeus, akamrudisha mke wa pili kwao pamoja na mabinti wawili. Thadeus alikuwa na miaka saba. Nyumbani hawakutajwa tena. Mmoja wa mabinti hao, Nyanchera, aliuza ndizi sokoni Nyakoe, na miaka yote Thadeus, mwenye viatu na kalamu mfukoni, alipitia upande wa pili wa soko. Sasa alilitafuta jina la yule mke wa pili kichwani mwake. Hakuwa nalo. La fahali alikuwa nalo.

Akaiacha njia ya nyumbani, akateremkia Nyakoe.

"Nyanchera."

Mwanamke hakuinua macho. "Mkungu au chane?"

"Sikuja kununua. Mimi ni Thadeus. Wa Machogu."

"Nakujua. Nakuona ukizunguka kule kila wiki."

"Nimekuja kuuliza. Mama yenu aliitwa nani?"

Hapo alimtazama, kuanzia viatu hadi kalamu, bila haraka.

"Aliitwa? Nani amekuambia amekufa? Yuko nyumbani, anapalilia wimbi." Akageukia ndizi zake. "Sogea. Unawazibia wateja."

Thadeus alisogea hatua mbili, akasimama. Hakuondoka. Wateja walinunua, wakamtazama, wakaenda zao. Kisha mvua ikashuka kutoka vilimani, na soko likatimua mbio. Nyanchera alitupa turubai juu ya ndizi na kushika pembe mbili. Upepo ukaunyanyua upande wa pili. Thadeus aliudaka, akaukandamiza kwa mikono yote miwili.

Walisimama hivyo, kila mmoja upande wake, maji yakiwatiririka usoni. Nyanchera hakumwambia ashike. Hakumwambia aachie.