Mizani Haijui Mkwe

Mhudumu aliisukuma laptopu juu ya kaunta kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha sahani aliyokuta unywele ndani yake.

"Stika ya chini imebanduliwa," alisema. "Ikishabanduliwa, waranti imekufa."

Mzee aliyesimama mbele yake, begi la ngozi lililochakaa miguuni, hakubisha. Alivaa miwani, akaigeuza mashine kifudifudi na kuinamia ile stika ndogo ya fedha iliyofunika parafujo ya katikati. Aliitazama kwa muda mrefu mpaka watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna.

Hii ilikuwa safari yake ya tatu pale dukani. Laptopu ilikuwa na miezi minne tu tangu ainunue. Ukiiwasha na kuiacha ikae, ilikaa vizuri kama mgeni. Ukifungua gemu, baada ya dakika kumi feni zilivuma, kibodi ikawa ya moto kama kaango, kisha skrini ikawa giza. Safari ya kwanza waliipokea na kukaa nayo wiki mbili. Safari ya pili walimrudishia, wakasema haina kasoro. Alipowauliza kama walifungua gemu, walimwambia hawana muda wa kucheza. Akawaachia tena. Sasa ndiyo haya ya stika.

"Mashine ya gemu si redio, mzee," mhudumu aliongeza, sauti ikipanda ili foleni isikie. "Labda wajukuu wameifungua waone kuna nini ndani."

"Sina wajukuu. Nacheza mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, mwingine akamfuatisha. Mzee hakugeuka.

Wenye maduka wa mji ule walimwita Risasi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa mizani, na bado yumo kazini baada ya miaka thelathini na moja. Aliingia dukani na begi lake la mawe ya shaba, akapima, na akiridhika alipitisha waya kwenye tundu la mizani, akaufungia kwa kipande cha madini ya risasi na kukibana kwa koleo mpaka muhuri wa idara ukajichora. Asiporidhika aliifunga mizani, na biashara ililala hapo hapo. Katika miaka yote hiyo hakunywa kikombe hata kimoja cha chai ya mwenye duka. Walimchukia, naye aliihesabu chuki yao kama sehemu ya mshahara.

Kwa hiyo kama kuna kitu alichokijua duniani, ni lakiri, muhuri wa kufungia, iliyofunguliwa ikarudishwa. Pembe moja ya stika ilikuwa imejikunja kidogo, kama karatasi iliyopigwa na joto. Chini ya gundi kulikuwa na unyuzi wa kitambaa cha bluu. Nayo haikukaa pale ilipokaa mwanzo. Alama ya zamani ilichungulia ubavuni, upana wa ukucha uliokatwa. Aliinua macho akamtazama mhudumu. Koti lake la kazi lilikuwa la bluu.

"Imebanduliwa kwa joto," alisema taratibu. "Na imebanduliwa humu ndani. Siku ya kwanza nilikuonyesha ikiwa nzima, nikaandika kwenye nakala yangu ya fomu ya mapokezi ukiniona."

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mhudumu hakuigusa. Alimwita meneja.

Meneja alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba. Aliisoma ile nakala akiwa amesimama, akatoa ya kwao kutoka kwenye faili, akaziweka pamoja. Kwenye ya kwao, mahali pa kuandika hali ya stika palikuwa patupu. Alisema maneno ya mteja kwenye karatasi ya mteja hayamfungi mtu. Akasema watu wa umri ule hununua vitu wasivyoviweza, kisha wanakuja kugombana na vijana wa watu. Mwisho akamwambia aende popote anapotaka kwenda, mlango ule hauna kufuli.

Risasi alisimama pale pale. Mikono yake ilikuwa imetulia kwenye kaunta. Kwake haikuwa mashine tu iliyokuwa inakataliwa.

Miaka miwili nyuma, katika ukaguzi wa kawaida, alifika kwenye duka la nafaka la mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Mizani ilipunja robo kilo. Haikuwa hila, springi ilikuwa imechoka, na hata mkwe mwenyewe alishangaa. Ulikuwa msimu wa mavuno, magunia yamepangwa hadi barazani. Binti yake alimfuata nje. Alimwomba siku mbili tu, waitengeneze, ndipo aandike. Risasi alimjibu, "Mizani haijui mkwe," akapitisha waya na kubana koleo. Duka lilikaa limefungwa wiki sita, wakulima wakapeleka mazao kwingine, na halikuinuka tena. Binti na mumewe walihamia mbali. Simu alizopiga baba mtu ziliita mpaka zikachoka.

Alisikia kwa watu kwamba binti yake jioni baada ya kazi hucheza gemu la malori, ambamo watu walio mbalimbali huendesha kwenye barabara moja. Risasi alinunua mashine ambayo muuzaji alimhakikishia kwamba italiweza. Alihangaika majuma mawili kujifunza, kisha akaomba kuungwa kwenye msafara wake. Siku tatu hakujibiwa. Siku ya nne, akiwa anapanda mlima wa kwenye skrini huku injini ikilia kama mgonjwa, alisikia sauti kwenye spika: "Punguza gia, baba. Utaua lori."

Tangu hapo walisafiri pamoja kila Jumapili mchana. Walizungumza habari za barabara tu: kona, mteremko, mafuta. Hata hivyo walizungumza. Mashine ilipoanza kuzima katikati ya safari, binti alidhani baba anaondoka makusudi, kama alivyozoea kumaliza maneno kwa kuondoka. Jumapili nne sasa walikuwa hawajasikilizana.

"Mzee, unazuia watu," alisema meneja.

Pembeni ya kaunta kulikuwa na mizani ya jukwaa. Duka lile lilisafirisha pia vifurushi vya wateja kwenda miji mingine, na walitoza kwa kilo. Risasi aliiona tangu safari ya kwanza. Waya wake ulining'inia bila risasi, na tarakimu zake zilisoma nusu kilo juu ya jukwaa tupu. Siku ile alijiambia kwamba amekuja kama mteja, na ya kazi yatakuja siku ya kazi. Hakuwahi kuchanganya hayo mawili. Sasa alijisikia akisema:

"Mizani ile, nani aliikagua mara ya mwisho?"

Aliisema bila kupandisha sauti. Meneja alifuata macho yake hadi kwenye waya, akarudi kwenye begi la ngozi lililochakaa, kisha kwenye uso wa yule mzee. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayekumbuka jina.

"Mzee wangu," alisema, "si ungejitambulisha mapema?"

Alimpeleka ofisini, akamvutia kiti. Laptopu mpya ililetwa katika boksi lake ambalo halijafunguliwa, na mhudumu aliijaza fomu bila kumtazama. Pale kwenye sababu ya kubadilisha aliandika "kasoro ya kiwandani". Meneja alifunga mlango, akaegemea meza.

"Na kile kidude cha nje, tutakirekebisha wenyewe. Wiki ijayo. Hakuna haja ya makaratasi, au vipi?"

Koleo lilikuwa ndani ya begi, miguuni pake. Kulitoa kungekuwa kazi ya dakika moja. Risasi alilitazama boksi mapajani mwake.

"Wiki ijayo," alisema.

Alipotoka, mama mmoja alikuwa anainua furushi la nguo kuliweka kwenye jukwaa. Mhudumu alisoma tarakimu kwa sauti, na yule mama akauliza kama kweli limekuwa zito kiasi kile. Risasi alipita karibu naye kiasi cha kugusana mabega. Mlango kweli haukuwa na kufuli.

Jumapili mchana mvua ilikuwa inanyesha kwenye barabara ya gemu. Mashine ilikuwa ya baridi chini ya viganja vyake, na nusu saa ilipita bila feni kulalamika. Lori la binti yake lilikuwa mbele, jekundu, likirusha maji.

"Naona leo hujakimbia," alisema binti.

"Sikukimbia hata zile siku nyingine. Mashine ilikuwa mbovu. Wamenibadilishia."

Malori yao yalikata kona mbili.

"Watu wa duka lile wanajulikana. Hawambadilishii mtu. Uliwafanyaje?"

Angeweza kusema sheria. Angeweza kusema karatasi, na karatasi kweli ilikuwepo. Aliyaacha yote mawili.

"Kulikuwa na mizani pale dukani," alisema. "Mbovu. Niliiona, nikaiacha."

Mbele, taa za breki za lori jekundu ziliwaka. Liliyumba taratibu kwenda pembeni, likasimama kwenye changarawe na kuanza kuwasha na kuzima taa zake za manjano. Risasi alisogea, akasimama nyuma yake. Hakuzima injini. Vifutio vilikwenda huku na huku, vikisafisha kioo ambacho mvua ilikilowesha tena papo hapo.

"Endelea, nasikiliza," alisema binti.

Malori mengine yaliwapita kwa kasi, moja baada ya jingine, yakipiga honi.