Mama Kandili Huvuka wa Mwisho

Zimwi lilikuwa na meno mazuri kuliko ya watu wengi mtaani. Mzee alikuwa ameliinamia, miwani moja puani na lenzi ya kukuzia kipajini, akilipaka gego la mwisho rangi ya pembe kwa brashi nyembamba kama unyoya. Hakuweza kufanya vinginevyo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa meno ya bandia, na mkono wake haukujua kumwachia kiumbe yeyote kinywa kibovu, hata kiumbe anayekula watu.

Mtaani walimwita Mzee Meno. Benchi lake la kazi lilihamia sebuleni siku aliyostaafu, na juu yake sasa palikuwa na mji mzima wa chini ya ardhi: kuta za jasi ileile aliyozoea kumiminia vipimo vya vinywa, milango ya vijiti, daraja la kamba ya viatu lililoning'inia juu ya shimo jeusi. Ndani yake walitembea watu wanne wa msafara, kila mmoja hazidi urefu wa kidole gumba: Kapteni, Mganga, Mwizi, na mwanamke mzee aliyebeba taa, ambaye alimwita Mama Kandili. Kitabu cha kanuni alikipata kwenye vitabu vya mitumba. Alikisoma kwa kamusi pembeni, kama alivyosoma kila kitu tangu enzi za darasa la jioni, na pale mwandishi alipojichanganya alimsahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mchezo huo aliucheza peke yake. Dadu iliamua kama upanga umepata au umekosa. Kadi zilisema nyuma ya mlango kuna nini. Naye aliyasimulia yote kwa sauti, tangu mlio wa bawaba hadi pumzi ya zimwi, kwa kuwa bila masimulizi, kwa maoni yake, mchezo wote ulikuwa hesabu tu za kujumlisha na kutoa.

Lakini kwa mwezi mzima sasa alikuwa akinong'ona.

Chanzo kilikuwa binti yake. Aliingia alasiri moja bila kubisha, akamkuta baba amesimama, ngumi hewani, anakipigia chumba kitupu kelele: "Mkate mguu! Usimwache atoroke!" Binti hakugomba. Alibaki mlangoni na mfuko wake wa mboga, akimtazama, na macho yale ndiyo yaliyomchoma. Yalikuwa macho ya mtu anayepima. Mzee, ambaye hakuwahi kuona haya mbele ya madaktari wenye vyeti ukuta mzima, aliona haya mbele ya mfuko wa mboga. Tangu siku hiyo alifunga dirisha, akashusha sauti, akawa anapambana na mazimwi kama mwizi anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Mchezo ukapoa. Hakuna Kapteni anayeamrisha mashambulizi kwa mnong'ono.

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, walimjia watatu: binti, mwanawe wa kiume ambaye alikuwa wakala wa bima, na dada wa mzee mwenyewe, mkunga mstaafu. Kijana alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama alivyozoea kukaa kwa wateja. Mzee alipoona mkao ule alijua kuna kitu kinauzwa.

"Baba, tumekuja tuzungumze."

"Zungumzeni. Masikio ninayo, na ni yangu mwenyewe, si ya bandia."

Dada wa mzee alicheka puani.

"Chumba cha nyuma pale kwangu kiko wazi," kijana aliendelea. "Utakuwa na wajukuu. Utapata kibustani cha kupunga upepo. Mwisho wa mwezi huu nakuja na gari, tunakuhamisha bila usumbufu."

"Na benchi langu?"

Kijana alimtazama binti. Binti akatazama zulia.

"Benchi ni kubwa, baba."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa mdogo, nakaa popote."

"Unaongea peke yako, baba!" Binti alilipuka, kisha sauti ikamwishia nusu njia. "Nimekuona. Tena si mimi tu. Jirani yako wa mlango wa pili alinishika mkono kwenye ngazi akaniuliza, 'Mzee ana nini? Siku hizi hasikiki kabisa, ananong'ona tu.' Unaona? Mpaka watu baki wameanza kuona."

Mzee akamgeukia dada yake. "Na wewe wamekuleta wa nini? Kuna anayejifungua hapa?"

"Wameniambia nikutazame macho, kaka. Nione kama bado umo ndani."

"Ehe?"

"Bado natazama."

Mzee aliushika mkono wa kiti chake akaubana. Angeweza kueleza. Angeweza kusema ni mchezo, una kanuni, watu wengi wanaucheza, akawa anajitetea hapo hadi magharibi kama mshitakiwa. Lakini alipofungua kinywa aligundua kwamba kesi hiyo alikwisha kuipoteza mwenyewe, kwa mwezi mzima, kila alipofunga lile dirisha. Nani aliyewaambia kuna jambo la kuficha, kama si yeye?

Alisimama. Walidhani anakwenda kunywa maji. Alilifungua dirisha hadi mwisho, ukingo ukagonga ukuta, kisha akavuta kiti chake hadi benchini na kuivaa miwani.

"Wenzangu wako katikati ya daraja," alisema. "Anayetaka kukaa akae. Anayetaka kwenda, mlango anaujua."

"Baba..."

"Kamba inalia!" Mzee alinguruma, na sauti yake ya zamani ikajaa chumba, ikamwagika nje. "Chini hakuonekani mwisho. Kapteni amekwisha kufika ng'ambo. Mganga yuleee, anavuka huku anasali. Mwizi amepita bila kugusa kamba, mshenzi yule, ana miguu ya paka! Sasa kabaki Mama Kandili."

"Mbona mtu mzima anaachwa wa mwisho?" aliuliza dada yake, ambaye alikuwa amekwisha kusogeza kiti. "Hao vijana hawana adabu?"

"Ndiye mwenye taa. Akitangulia, walio nyuma yake wanakanyaga giza. Kwa hiyo Mama Kandili huvuka wa mwisho. Siku zote."

Binti alikuwa amekuja kusimama nyuma ya bega lake. Aliinama kukitazama kile kisanamu, akainama zaidi.

"Baba, ana mwanya."

"Anao."

"Kama wa mama."

Mzee alipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Nimeziba mianya ya mtaa mzima. Wa mama yenu nilibembeleza miaka, akakataa katakata. Alisema nikauzibe mfereji wa jikoni kwanza."

Kijana naye aliacha ukingo wa kiti. Dadu ilikuwa ya waridi, imechongwa kwa plastiki ya kutengenezea ufizi, na nukta zake zilikuwa nyeupe kama meno ya maziwa. "Anahitaji ngapi?" aliuliza.

"Yoyote isipokuwa moja. Ikitoka moja, kamba inakatika."

"Ah! Basi yuko salama. Kwa hatari ndogo kama hiyo, hata mimi ningemkatia bima."

Ulikuwa utani wake wa kwanza siku hiyo. Mzee akaitikisa dadu kiganjani, akaiachia. Ilibingirika kando ya shimo, ikagonga ukuta wa jasi, ikayumba, ikatulia.

Moja.

Kijana akaichukua dadu upesi, kana kwamba anaficha nukta ile isionekane na watu.

"Tupa tena, baba."

"Hapana."

"Iligonga ukuta. Haihesabiwi. Tupa tena, si unacheza peke yako? Nani atajua?"

"Mimi."

"Lakini huyu si..." Kijana alikinyooshea kidole kile kinywa kidogo chenye mwanya.

"Huyu ni jasi," alisema mzee taratibu. "Mama yako alikuwa mama yako. Siku ile daktari alipotoka chumbani kwake, mimi nami nilitaka itupwe tena."

Akamtoa Mama Kandili darajani, akamlaza shimoni pamoja na taa yake.

Dada yake alimtazama macho, kisha akaegemea kiti. "Nimekwisha kuona. Yumo ndani, tena kafunga komeo."

"Shangazi, bado hatujamaliza," kijana alilalamika.

"Wewe uliyetaka kudanganya dadu nyamaza, nisije nikakutazama na wewe."

"Mimi siendi popote," alisema mzee. Hakupaza sauti, wala hakuishusha. "Bustani hiyo wapandie wajukuu. Mkinikumbuka, njooni. Mlango wangu unabishwa."

Hapo ukuta ukagongwa, ngo, ngo, ngo, na sauti ya mwanamke ikaingia dirishani kutoka kwa jirani wa mlango wa pili.

"We Mzee Meno! Kwa hiyo yule mama wa taa ndiyo kafa hivyo hivyo?"

Binti aliweka mkono mdomoni.

"Mwezi mzima unaninong'onea!" sauti iliendelea, sasa kwa hasira. "Nabandika sikio ukutani mpaka shingo inaniuma, siambulii hata neno. Nikamuuliza na binti yako, mzee ana nini. Leo umefungua kinywa, kumbe unamuua! Na wenzake je?"

Mzee alilitazama benchi. Ng'ambo ya daraja lililokatika walisimama watatu bila taa, na mbele yao palikuwa na mlango ambao kadi yake haijapinduliwa. Nyuma yao hapakuwa tena na njia ya kurudi.

"Wako gizani!" alijibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Haya, basi usiwaache huko! Tunasikiliza!"

Mzee akanyoosha mkono, kiganja juu, bila kugeuka. Dadu ilikuwa bado kwa mwanawe. Kijana aliitazama ile dadu ya waridi mkononi mwake, akaupima uzito wake mdogo, akaifumbata, akaanza kuitikisa yeye mwenyewe.