Mahali Alipochagua Mama

Kavindu hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa wifi yake kama mtu aliyekuja kudai chake, akatua mfuko wa ndengu sakafuni, akautazama ukuta wa sebule mpaka macho yakamtoka.

"Ndugu yangu yuko wapi?"

Mutie alikuwa kaburini kwao, mjini Wote, mwezi wa saba sasa, na Kavindu mwenyewe aliona jeneza likishuka. Alichokuwa akiuliza ni ile picha kubwa ya mazishi iliyotangulia mbele ya jeneza, yenye fremu ya dhahabu bandia na tarehe zake mbili chini, ya kuja na ya kwenda. Tangu msiba ilikuwa ikining'inia pale juu ya sofa.

Nzisa alikuwa mezani akichambua mchele. Hakuinuka.

"Yuko chini ya kitanda. Nimemfunga kwa shuka asipate vumbi. Karibu, wifi."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hao hawakumjua Kavindu. Alizunguka sebule akigusa kila kitu kwa ncha ya kidole, pazia, meza, vitambaa vya viti, na kila alichokigusa alikigunia. Kuta zilizokuwa za hudhurungi zilikuwa sasa za samawati hafifu. Sofa iliyokuwa ikitazama mlango ilitazama dirisha.

"Mjane wa miezi saba anapaka nyumba rangi ya harusi," alisema. "Unamngoja nani?"

"Namngoja mtoto wangu atoke kwaya."

Ukweli ni kwamba ile hudhurungi aliipaka Mutie, kwa rangi iliyobaki kwenye vitanda alivyokuwa akivitengeneza sokoni Gikomba. Mchana ilikuwa giza, jioni ilikuwa giza zaidi, na sofa ilitazama mlango ili yeye awe wa kwanza kuona nani anaingia na amechelewa kiasi gani. Mwende, binti yao wa miaka tisa, alikuwa akifanyia homuweki yake kwenye ngazi za ghorofa, nje ya mlango wa jirani yao Amondi, ghorofa ya tatu. Ini lilipomuua Mutie, Nzisa alidhani nyumba itapumua. Wapi. Alirudi kutoka mazishini akajikuta bado anakula akiwa amesimama jikoni, na Mwende bado yuko kwenye ngazi, na marehemu anawatazama kutoka ukutani.

Amondi ndiye aliyechoka kwanza. Alipanda juu Jumamosi moja na brashi mbili mkononi, akasema, "Hii nyumba ni yako ama ni ya marehemu? Leta magazeti tutandike." Walipaka Jumamosi mbili. Mapazia mazito yakaenda, yakaja meupe ya mtumba ambayo Nzisa aliyapunguza mwenyewe kwa mkono. Jumapili iliyofuata Mwende aliingia na madaftari yake, akakaa sakafuni penye jua, akaanza kuimba chini kwa chini huku akiandika. Nzisa alimsikia kutoka jikoni. Alisimama na mwiko mkononi akalia mpaka ugali ukaungua, na waliula hivyo hivyo, wamekaa.

Watu watakwambia rangi ni rangi tu. Watu hao waulize walilala ndani ya rangi gani kwa miaka kumi na moja.

"Mama anameza dawa za presha," Kavindu alisema. "Nikirudi nimwambie nini? Kwamba mwanawe umemtupa chini ya kitanda pamoja na viatu? Hiyo picha Mama aliitundika kwa mkono wake. Mimi nilikuwepo. Fundi alitaka kumsaidia, akamkataza. Nyumba nzima ilikuwa na kuta, akachagua pale, akapanda yeye mwenyewe na miguu yake mibovu. Basi inarudi pale pale leo. Ama Mwende anaondoka na mimi, akalelewe na watu wanaomkumbuka babake."

Mchele ukamponyoka Nzisa vidoleni. Aliwajua watu wa mume wake. Wangekaa kikao, Kavindu angezungumza wa kwanza na wa mwisho, na mjane aliyepaka nyumba rangi angeonekana mwanamke wa namna gani? Aliogopa, na alimchukia Kavindu kwa kumfanya aogope tena ndani ya sebule hii.

Kavindu hakungoja jibu. Alikwenda chumbani, akaitoa picha, akafungua shuka. Akachukua nyundo na msumari kwenye sanduku la kazi la Mutie. Akaisogeza sofa kwa nyonga, akavuta kigoda cha miguu mitatu alichokichonga Mutie, akapanda, picha kwapani.

"Wifi, usipige hapo," Nzisa alisema. "Piga kando. Hapo hapajakauka."

"Mama alisema hapa."

"Nakwambia usipige hapo."

"Nani amekuuliza?"

Nzisa alikuwa ameonya mara mbili, na mara mbili zinatosha kwa mtu asiyebisha hodi.

Nyundo ya kwanza ikaingiza msumari kama kwenye uji mzito. Ya pili ikapasua rangi. Ya tatu ikaangusha bonge zima, ule unga mweupe wa kuzibia kuta ambao Nzisa na Amondi waliukoroga na kuushindilia, likapasukia nyuma ya sofa. Kavindu alibaki na nyundo hewani, vumbi kwenye kope. Mbele ya uso wake palikuwa na shimo la ukubwa wa ngumi, plasta imebomoka mpaka kwenye jiwe, na ndani yake kibanzi cha mti mweusi kilichokwama, ambacho kisu cha Amondi kilishindwa kukichomoa.

"Shuka," Nzisa alisema. "Kipindue hicho kigoda."

Kavindu alishuka. Labda ni ile sauti, hakuwa ameisikia kabla. Alikipindua. Miguu miwili ilikuwa myeusi, imechongwa na kung'arishwa. Wa tatu ulikuwa wa mbao nyeupe ya kitanda, umegongomewa baadaye.

Nzisa alivua kitambaa cha kichwa. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na mstari mrefu usioota nywele.

"Ndugu yako alipokirusha kilipita hapa kwanza, ndipo kikafika huko ukutani. Ulikuja kuniona hospitalini. Ulitoka ukawaambia watu wa kanisa kwamba niliteleza bafuni."

"Ni Mama aliyeniambia bafuni."

"Mama alikuwa amekuja kliniki wiki hiyo, analala kwetu. Alikuwa amekaa hapo uliposimama. Mimi alinifunga kichwa kwa leso yake, kisha akampelekea mwanawe chai."

Kavindu alilitazama shimo, akaitazama picha, ile fremu pana, na mtu angeweza kuona macho yake yakipima.

"Nyumba nzima ilikuwa na kuta, wifi," Nzisa alisema. "Wewe mwenyewe umesema."

Chini barabarani pikipiki zilipita, moja, nyingine. Kavindu aliiokota ile shuka akaifunga picha, uso ukiwa ndani, akakaza fundo mara mbili. Ndengu aliziacha. Mlangoni aligeuka, na uso wake haukuwa na huruma hata chembe.

"Usidhani nimekubali hiyo rangi yako."

"Msalimie Mama," Nzisa alisema. "Mwambie umeona."

Mwende aliporudi kutoka kwaya alimkuta mama yake amepanda kiti cha jikoni, anashindilia unga mweupe ukutani kwa kisu cha mkate. Alilitazama lile shimo.

"Nani ametoboa tena?"

"Shangazi yako. Alikuwa anatafuta mahali pa kutundika picha ya baba."

"Akapata?"

"Hakupata. Ameenda nayo."

Mwende akavua viatu, akakaa sakafuni penye jua, akafungua daftari. Nzisa alingoja, kisu mkononi, mpaka aliposikia mtoto ameanza kuimba.